Hotuba za send-off, jamani tuhurumiane

Kwenye send-off za huku kwetu, sherehe za kumuaga binti anayeolewa, mtu atakayetuchosha anajulikana mapema sana, anashika maiki anasema "itifaki imezingatiwa" alafu anaanza kuizingatia upyaa, mwenyekiti wa kamati, baba mzazi, mama mzazi, mashangazi wa Moshi, wajomba wa Tanga, wakati MC alishawataja wote na wamesimama wakapunga mkono. Ndugu, ukishasema imezingatiwa songa mbele.

Maiki nayo usiipigepige wala kuipuliza, DJ kaitesti toka saa kumi. Usiende kusimama mbele ya spika itapiga mluzi tuzibe masikio, na mkono usishuke. Wazee wengi wanaanza vizuri tu, kadiri wanavyonogewa maiki inateremka mpaka kifuani mwisho meza za nyuma tunaona midomo tu inacheza.

Ila kosa kubwa kwangu mimi ni nasaha za jumla. Unapewa dakika tatu umwongelee binti, unatoa somo la uvumilivu kwenye ndoa ambalo lingefaa send-off yoyote ile hata ukibadilisha jina hakuna atakayeshtuka. Tuambie kitu cha HUYU binti. Kuna shangazi mtu nilimsikia alisema tu jinsi binti alivyokuwa anamchemshia babu yake maji ya kuoga kila asubuhi kabla hajaenda shule, basi, akakaa, na upande wa wakwe wote wakawa wanafuta macho. Na utani wa wapenzi wa zamani tafadhali uache nyumbani, wakwe wako pale pale meza ya mbele.

Mnaodhani hotuba ndefu ndo heshima, mwaka 1863 kule Gettysburg, Marekani, msemaji mkuu Edward Everett aliongea kama saa mbili nzima, akafuata rais wao Abraham Lincoln na maneno kama 270, dakika chache kaisha. Inayokumbukwa mpaka leo ni ya Lincoln. Na pale hapakuwa hata na ndafu inayopoa 😂

"Kwa hayo machache" ukishaitamka kaa, hamna cha "ila kabla sijakaa". Ukiona MC anakusogelea huku anatabasamu na DJ kaanza kuweka mziki kwa mbali, ujue ushapewa taarifa.

Kusoma sio dhambi lakini andika kwenye kikaratasi, sio simu, simu inazima kioo katikati ya jina la baba mkwe alafu unaanza kutafuta paswedi mbele za watu.