Daftari la kelele

Mtu aliyelelewa Ngamiani, Tanga, hana haki kubwa ya kulalamikia kelele. Nyumba yetu ilikuwa kati ya msikiti na mashine ya kusaga nafaka, jogoo wa jirani alikuwa na tabia ya kuwika saa tisa usiku, na haukupita mwezi bila harusi ambayo ngoma zake zilitufuata mpaka chumbani. Katika hayo yote nililala fofofo. Ndiyo maana nilipomweleza mama kwa simu kwamba huku Köln nimekosa usingizi kwa sababu ya mbwa wawili, alicheka kwanza, kisha akaniuliza kama Wajerumani wamenipa masikio mapya.

Masikio ni yale yale. Kilichobadilika ni saa ya kulala. Mimi ni muuguzi katika wodi ya wazee, na kwa mwaka wa tatu sasa sehemu kubwa ya kazi yangu ni zamu za usiku, zinazoanza saa tatu usiku na kumalizika saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nafika nyumbani saa moja na robo, nakunywa chai, nashusha pazia zito, na inapokaribia saa mbili niko kitandani. Mbwa wa ghorofa ya chini yangu walikuwa wakianza saa mbili na dakika kumi. Walikuwa Beagle, mbwa wa kuwindia wanaotembea kwa kundi, ambao tangu zamani walizalishwa wawe na sauti ya kumwongoza mwindaji aliye mbali. Mbwa wa namna hiyo habweki tu, bali huinua shingo na kuvuta mlio mrefu, mwenzake akaupokea, na sakafu ya mbao ya jengo la zamani haizuii chochote.

Nchi hii ina sifa ya kulinda utulivu, na sifa hiyo ni ya kweli. Usiku wa mapumziko huanza saa nne na kuisha saa kumi na mbili asubuhi, Jumapili na sikukuu hutakiwi hata kutoboa ukuta, na kanuni za nyumba yetu, kama za nyumba nyingine nyingi, zinaongeza saa mbili za ukimya baada ya chakula cha mchana. Nilipozisoma kanuni hizo kwa makini niligundua kwamba zimeandikwa na watu wanaolala usiku. Mimi ninayemgeuza mzee ubavu saa nane usiku ili mgongo wake usichubuke, usiku wangu huanza wakati ambao kanuni zinaruhusu kila kitu.

Hata hivyo mchana nao haukuachwa wazi kabisa. Mwaka 1993 mahakama ya juu ya mkoa, iliyopo hapa hapa Köln, iliamua katika kesi ya majirani kwamba mbwa wasisikike wakati wa saa za mapumziko, na kwamba nje ya saa hizo wasibweke zaidi ya dakika 10 mfululizo wala zaidi ya dakika 30 kwa siku nzima. Hiyo si sheria ya nchi nzima, na zipo mahakama nyingine zilizokataa kumpimia mbwa dakika kwa hoja kwamba mnyama hasomi saa, lakini kila anayegombana na jirani kuhusu mbwa hatimaye huambiwa habari ya hizo dakika 30. Wale wa chini yangu walizimaliza kabla ya saa tatu asubuhi.

Labda msomaji atauliza kwa nini sikushuka ngazi moja tu nikabisha hodi. Nami nimejiuliza. Kwetu mtu hamwendei jirani mikono mitupu na lawama mdomoni. Hutanguliza mtu mzima, na jambo likikaza hupelekwa kwa mjumbe wa nyumba kumi, ambaye ataanza kwa kuuliza habari za watoto na kufika kwenye mbwa baada ya kikombe cha pili cha kahawa. Hapa sikumwona mtu wa kumtanguliza, nikaona haya, na haya yangu nikaiita heshima kwa miezi minne. Mwenzangu wa kazini, Mkongomani wa Bukavu aliyekaa nchi hii kuliko mimi, ndiye aliyenishauri nianze kuandika. “Hapa,” alisema, “kama hukuandika, ndugu yangu, mbwa hakubweka.”

Alikuwa sahihi. Chombo cha kwanza katika ugomvi wa namna hii Ujerumani ni daftari la kelele, wenyewe wanaliita Lärmprotokoll, ambalo ndani yake unaweka tarehe, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, aina ya kelele na shahidi kama yupo. Bila hilo msimamizi wa nyumba hakusikilizi, idara ya manispaa iitwayo Ordnungsamt, yenye uwezo wa kutoza faini inayoweza kufika euro 5,000 kwa kelele zisizo za lazima, haina cha kushika, na hakimu hana cha kusoma. Niliweka kijitabu kando ya kitanda nikaandika kwa wiki tatu, kwa Kiswahili, kama mtu aliyeamshwa anavyoandika: saa 2:10 hadi 2:50, wote wawili, saa 2:15 hadi 3:05, mmoja analia, mwingine anajibu. Asubuhi moja, kichwa kikiwa kizito baada ya zamu, nikanakili tarakimu zote kwenye jedwali la Kijerumani na kulituma kwa msimamizi wa nyumba kabla sijalala.

Siku nane baadaye kengele ya mlango wangu ililia. Alikuwa jirani wa chini, bwana wa umri wa miaka hamsini hivi ambaye mpaka siku hiyo tulikuwa tumesalimiana tu kwenye ngazi, barua mkononi na uso umeiva. Barua ya msimamizi ilimwonya kwamba mbwa wake wanabweka kuanzia 2:10 hadi 2:50, ndani kabisa ya saa za mapumziko ya usiku. Alisema kwa sauti ya mtu anayejizuia kwamba saa hiyo yeye huwa amelala, mbwa wakiwa miguuni pake, na hajawahi kuamka hata mara moja. Nami nikajibu, kwa ukali ambao sasa naujutia, kwamba saa hiyo mimi huwa kazini na nisingeweza kumsikia mbwa wa mtu yeyote.

Tukatazamana. Ndipo nilipolichukua jedwali lililoambatana na barua na kuona nilichofanya.

Kumweleza Mjerumani saa za Kiswahili mlangoni, ukiwa umevaa nguo za kulalia, si kazi ndogo. Nilimwambia kwamba kwetu siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, kwa hiyo saa moja ya kwanza ya mchana ni saa yao ya saba, na saa yangu ya pili ni saa yao ya nane. Aliangalia saa yake ya mkononi, akahesabu kwa vidole, akaisoma barua upya kutoka juu, na hasira ikamtoka usoni. “Lakini saa mbili asubuhi mimi sipo,” alisema. Hutoka saa mbili kasoro dakika ishirini kwenda ofisini.

Hapo ndipo lilipokuwa jambo lote, na daftari langu, pamoja na kosa lake, ndilo lililolifichua. Aliwachukua mbwa wale mwaka 2020, alipokuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu ya korona, wakakulia chini ya meza yake kwa miaka miwili bila kuachwa peke yao. Ofisi ilipomrudisha, yeye akaendelea na maisha yake na wao hawakuelewa. Jioni akirudi aliwakuta wametulia. Majirani wengine nao hutoka asubuhi, bibi wa ghorofa ya juu hasikii vizuri, na mimi niliyesikia kila siku nilikuwa nimekaa kimya kwa heshima. Katika jengo zima hakuwepo wa kumwambia kwamba mbwa wake wanabweka.

Kwetu mbwa hulala nje na kubweka ni kazi yake. Geti zima huandikwa onyo kwa ajili yake, na Nairobi wameshalizoea kosa la “Mbwa Kali” mpaka sasa “Mbwa Mkali” ndiyo inayoonekana imekosewa. Kwa hiyo sikuwa nimewaza kwamba mbwa anaweza kubweka kwa upweke. Mwalimu wa mbwa aliyeitwa alieleza kwamba wanyama wa hivyo huanza kulia muda mfupi baada ya mwenyewe kufunga mlango, na kwamba kuwakemea jioni hakusaidii kitu kwa sababu hawajui wanakemewa nini. Dawa yake ilikuwa kutoka dakika mbili na kurudi, kisha tano, kisha kumi, kwa wiki nyingi, na katika kipindi hicho kuwapeleka siku tatu kwa juma mahali pa kulelea mbwa mchana. Nilipomwambia mama kwamba huku kuna chekechea ya mbwa, ilibidi nisubiri kwenye simu mpaka amalize kucheka.

Jirani alinipa pendekezo lake pia: anipe ufunguo, nikirudi kazini nishuke niwabembeleze kidogo. Nilimweleza kwamba mimi ni Mwislamu wa madhehebu ya Shafii, kama watu wengi wa pwani yetu, na mate ya mbwa yakinigusa natakiwa kuosha mara saba. “Saba?” aliuliza. Saba, nikasema, na mara moja kwa udongo. Alifikiri kidogo, akasema basi kuwafundisha mbwa ni rahisi zaidi. Siku hiyo hiyo aliniambia kwamba anawalipia kodi ya jiji, euro 156 kwa mwaka kwa kila mmoja, nami nikakiri kwamba siku zote nilidhani kodi ile ndiyo inayowapa kibali cha kubweka. Kumbe fedha zinaingia tu katika mfuko mkuu wa jiji.

Kwa wenzangu wa zamu za usiku nitasema haya machache. Mwambieni jirani mapema saa mnazolala, maana hawezi kuzibuni. Mkiandika daftari, andikeni kwa saa 24. Msikate kodi ya nyumba kwa uamuzi wenu wenyewe kabla ya kuuliza chama cha wapangaji, kwa sababu ukikosea hesabu unaweza kupoteza nyumba. Na kabla ya mahakama yupo msuluhishi wa mtaa, Schiedsperson, raia wa kawaida anayechaguliwa kwa miaka mitano katika mkoa wetu na kusikiliza ugomvi wa majirani kwa gharama ndogo sana. Nilipomjua nilisikitika kwamba mjumbe wa nyumba kumi niliyemkosa miezi yote ile alikuwepo, ila hana kahawa.

Sasa tunapokutana ngazini asubuhi, yeye akitoka na mimi nikiingia, huzifupisha kamba za mbwa na kujibana ukutani mpaka nipite, kisha hunitakia usiku mwema. Mbwa bado humbwekea mleta barua. Ukurasa wa mwisho wa daftari ni wa Alhamisi moja: 9:52 hadi 9:55, wote wawili, mleta barua. Sikuutuma kwa mtu.