Paseli ya kujikunja haikatwi juu

Jamani leo tuongee kuhusu hii paseli ya majani ya kujikunja, manake kila nikiona mtu ameipitia juu na mkasi kama kinyozi roho inaniuma. Watu wanasema ni mmea msumbufu kulima. Mi nasema kulima wala sio shida, shida ipo kwenye kuvuna. Mtu anaisubiri iote mpaka anakata tamaa, inaota, inanenepa, inakuwa kichaka kizuri cha kijani kilichokolea, alafu siku ya kuihitaji jikoni anashika kichaka kizima anakata kwa juu, baada ya muda anakuta pamebaki vijiti vya njano na anaanza kulaumu udongo, mara mbolea, mara mbegu feki.

Sasa ngoja nieleze inavyokua. Paseli sio kama mrehani au mnanaa, zile zina shina linalopanda juu na ukikata ncha linatoa matawi pembeni. Paseli haina shina la hivyo, angalau mwaka wake wa kwanza. Kila jani lina kikonyo chake kirefu kinachoanzia chini kabisa, pale mmea unapokutana na udongo, na majani mapya yanazaliwa katikati tu, kwenye moyo. Yale ya pembeni ndo wakubwa, yameshamaliza kukua. Kwahiyo ukikata juu umechukua jani umeacha kikonyo, na hicho kikonyo hakitoi jani lingine hata ukikisubiri mwaka mzima, kitakauka au kitaoza hapo hapo. Na kama mkasi umepita katikati umeondoka na vile vichanga vya kesho, ndo maana mmea unazubaa.

Kwahiyo unavuna hivi. Unachuchumaa, unatenganisha majani kwa mkono mpaka uone moyo, utaona katikati pale kuna vijani vidogo vya kijani cha kung'aa bado vimejibana vyenyewe, hivyo usiviguse kabisa. Unachagua kikonyo cha nje, unakifuata kwa vidole kushuka chini mpaka karibu na udongo, hapo ndo unakata, au unakivuta pembeni kidogo kinakwanyuka chenyewe. Unazunguka mmea hivyo hivyo, kimoja huku kimoja kule, usimalize upande mmoja. Na usizidishe theluthi ya mmea kwa mara moja, ukihitaji nyingi basi panda miche mingi, hakuna njia ya mkato.

Kuanza kuvuna lini? Angalia kikonyo, kikishagawanyika kuwa na mafungu matatu ya majani basi kinafaa. Kwa kawaida ni kama siku 70 mpaka 90 toka umepanda mbegu. Asubuhi kabla jua halijawaka ndo muda mzuri, majani yanakuwa yamejaa maji na hayanyauki haraka. Alafu kuna kitu watu hawaamini, paseli inayovunwa mara kwa mara inazidi kuchanua majani kuliko ile inayoonewa huruma. Ya nje yakizeeka yanageuka njano na kuwa magumu, sasa unamwachia nani? Yavune hata kama hupiki leo.

Turudi nyuma kwenye mbegu, maana najua kuna mtu kashapanda na haoni kitu. Tulia. Mbegu ya paseli inachukua wiki 2 mpaka 4 kuota, kukiwa na baridi inaweza kuzidi hapo. Waingereza wa zamani walikuwa na utani kwamba mbegu ya paseli inaenda kwa shetani mara kadhaa na kurudi ndo iote, ujue wenzetu nao waliteseka. Ganda lake lina kemikali zinazozuia kuchipua, kwahiyo zilowanishe usiku kucha kwenye maji, asubuhi mwaga yale maji, zisuuze, ndo upande. Fukia kina kidogo tu, nusu sentimita mpaka sentimita moja, alafu hakikisha udongo wa juu haukauki hata siku moja mpaka zitoke. Hapo kwenye kukauka ndo wengi wanaferi, wanamwagilia kwa bidii mwanzoni, wiki ya pili wanachoka, na mbegu ndo kwanza ilikuwa inaamka. Na mbegu iwe mpya, ikikaa sana nguvu ya kuota inashuka vibaya.

Zikiota nako kuna mtego. Majani mawili ya kwanza hayafanani na paseli hata kidogo, ni membamba marefu, ukiwa na haraka ya kupalilia utayang'oa ukijua ni magugu. Subiri jani la tatu, hilo ndo linakuja na meno pembeni, na kule kujikunja kwenyewe kunakuja baadae mmea ukishakomaa kidogo. Ujanja wa wakulima wa siku nyingi ni kuchanganya na mbegu chache za figili kwenye mstari huo huo, figili inaota ndani ya siku chache tu kwahiyo inakuonyesha mstari uko wapi, na utakuwa umeshaing'oa na kuila kabla paseli haijataka nafasi.

Kuhusu sehemu ya kupanda sina maneno mengi. Udongo wenye mboji, usiotuamisha maji, jua la kutosha, na kama jua lenu ni kali sana basi kivuli cha mchana kitaisaidia. Mche mpaka mche sentimita 20 hivi. Kwenye chombo usitumie kile kifupi cha mapambo, paseli ni ndugu wa karoti na ina mzizi mkuu unaoshuka chini, kwahiyo ndoo au chungu chenye kina cha sentimita 25 hivi, na chini kiwe na matundu. Hiyo hiyo ndo sababu haipendi kuhamishwa ikishakuwa kubwa, ukitaka kuhamisha hamisha ikiwa ndogo na udongo wake usiusambaratishe.

Kitu kimoja kinachoihusu hii ya kujikunja kuliko ile ya majani bapa ni uchafu. Yale mikunjo yanashika kila kitu, mvua ikipiga udongo unarukia majani na kujificha ndani, na vidukari wanapenda kukaa humo kwa chini ambako huwaoni. Mwagilia chini kwenye shina, usimwage maji juu, na tandaza nyasi kavu chini ya mmea ili matone yasirushe tope. Vidukari wakiwa wachache maji ya nguvu yanatosha kuwang'oa, kwani kupiga dawa kitu unachokwenda kula kesho kuna faida gani? Unaweza pia kukuta viwavi wa kijani wenye mistari myeusi na madoa ya njano, wale wanageuka vipepeo wakubwa wazuri sana, mi ningewaachia mche mmoja wajilie kuliko kuwaua, ila mwenye miche miwili tu namwelewa akiwahamisha.

Kuosha usifungulie bomba tu juu yake, haitatakata. Jaza beseni maji, zamisha mafungu, yatikise, yatoe, utaona mchanga umekaa chini. Mwaga maji rudia mpaka chini pasiwe na kitu. Alafu zikaushe kweli kweli kwa kitambaa kabla ya kukatakata, paseli ya kujikunja ikiwa na maji inageuka uji kwenye kibao, ikiwa kavu inakatika vizuri na inabaki nyepesi nyepesi unaweza kuirushia juu ya viazi au samaki. Vikonyo usitupe, ni vigumu kutafuna lakini vina ladha nyingi kuliko majani, vifunge pamoja uvitumbukize kwenye supu alafu uvitoe. Majani yenyewe weka mwishoni wakati unaepua, yakichemka sana yanapoteza ladha.

Ikizidi, kausha ukitaka lakini mi sikushauri, ikikauka inabaki rangi tu. Friza ni bora, katakata, jaza kwenye trei ya barafu, mimina maji kidogo au mafuta, zikiganda zihamishie kwenye mfuko. Kwenye friji ya kawaida simamisha vikonyo kwenye glasi ya maji au izungushie kitambaa chenye unyevu kidogo, inakaa wiki bila wasiwasi.

Mwenye kutumia dawa za kuzuia damu kuganda kama warfarini aongee na daktari kabla hajaanza kujilia paseli kwa mabakuli, ina vitamini K nyingi sana na hiyo inagombana na dawa. Wajawazito pia, ya kunyunyiza kwenye chakula haina neno, ila mambo ya kunywa majuisi yake au mafuta yake kama dawa waachane nayo.

Mwaka wa pili sasa usishangae mmea wako uliokuwa mpole ukitoa mti katikati. Paseli inaishi misimu miwili, wa kwanza majani, wa pili maua na mbegu, ndo basi. Mshtuko wa joto, ukame au baridi unaweza kuifanya iwahi hata kabla ya hapo. Ukishaona ule mti umesimama ujue majani yanaelekea kuwa machungu, kukata mti kunakununulia muda kidogo tu. Vuna kilichobaki, panda nyingine, na ukiwa na nafasi acha mche mmoja uchanue, maua yake madogo yanaita wadudu wanaokula vidukari. Mbegu zikishakuwa za kahawia kata kichwa chote ukiingize kwenye mfuko wa karatasi, kining'inize kikauke, zitajimwaga zenyewe humo. Ila uwe na uhakika ulichovuna ni mmea ulioupanda mwenyewe, kwasababu kwenye ukoo huu kuna ndugu wenye sumu kali wa porini wanaofanana sana na paseli ya majani bapa, na ikishafika kwenye maua hata hii yetu huwezi kuitofautisha nao kwa kutupia jicho tu.