Familia ya jeni kwa laptopu ya GB 4, vile nilitoboa

Wacha niseme ukweli, masta yangu karibu inishinde juu ya neno moja tu, familia, yaani jeni zilizotoka kwa babu mmoja. Kazi ilikuwa nitafute jeni za mtama zinazopokea strigolaktoni, ile homoni inayozuia mmea usitoe matawi ovyo, na nilikuwa naifanyia kwa chumba changu Kondele, Kisumu, laptopu ya GB 4, stima inapotea mvua ikianza tu, bando za kuhesabu.

Nilichagua strigolaktoni juu ya dani, nyanya yangu. Shamba lake liko Siaya na kayongo, gugu la striga linalonyonya mizizi ya mtama, imemsumbua tangu nikiwa praimari, maua ya zambarau yamependeza kweli halafu mtama wenyewe umenyauka kama hakujanyesha. Siku moja tukipalilia akaniuliza, "Si wewe ndiye unasomea mimea? Nikipanda viazi vitamu hii kitu siioni, nikirudisha mtama nayo inarudi. Inajuaje?" Nikababaika hapo na jembe mkononi. Kumbe mtama ukikosa fosforasi, mizizi inatoa strigolaktoni chini kuita kuvu waje wausaidie kutafuta chakula, na kayongo iko hapo inadukiza. Mbegu ni kama vumbi, na inaweza kulala zaidi ya miaka 10 ikingoja huo mwito.

Sasa kosa langu. Nilijisajili Phytozome, hifadhi ya jenomu za mimea mtandaoni, ni bure, nikashusha protini zote za mtama, nikatumia HMMER, programu ya kutafuta protini zinazofanana, kutoa kila protini iliyo na domeini (kipande chenye umbo lake) ya alfa/beta haidrolesi, kwa sababu kipokezi chenyewe, kinaitwa D14, kiko na hiyo domeini. Zikaja nyingi ajabu, nikafurahi, nikachora mti mkubwa wa ukoo wa rangi rangi, nikapeleka kwa supavaiza. Akaangalia kidogo tu. "Kijana, hii si familia, hii ni harambee."

Na alikuwa sawa. Mle ndani kulikuwa mpaka GID1, kipokezi cha giberelini, umbo ni lilelile lakini kinasikia homoni ingine kabisa. Tena kuna jeni nilihesabu mara mbili mara tatu, juu jeni moja inaweza kutoa matoleo kadhaa ya protini na mimi nilibeba yote. Kwa Phytozome kuna faili ya toleo kuu pekee, chukua hiyo, utanishukuru.

Nikaanza upya kutoka kwa ninaowajua: D14 na ndugu yake D14L za mpunga, D14 na KAI2 (ndiyo hiyo D14L kwa jina lingine) za arabidopsis, kale kammea ka maabara, nikatafuta wanaofanana nao kwa mtama, nikazipanga na programu ya MAFFT, herufi chini ya herufi, kila herufi ni asidi amino moja. Halafu nikaacha kompyuta nikatumia macho. D14 ina asidi amino tatu zinazofanya kazi pamoja, serini, aspateti na histidini, na kwa ya arabidopsis ziko nafasi ya 97, 218 na 247. Ukishapata ile S (serini) iko katikati ya GHSV, unateremsha macho kwa hiyo safu, S, S, S, unaenda mbele mpaka kwa H (histidini), na pale pale GID1 inajitoa yenyewe, H yake imegeuka V (valini). Hiyo ilinichukua wiki mzima na kikombe cha chai, na ndiyo wiki niliyojifunza mingi kuliko semesta yote.

Mti wa mwisho sikuuchora kwa laptopu, ingeungua. Nilipakia faili kwa Galaxy ya Ulaya, kompyuta za bure za mtandaoni, nikaweka IQ-TREE, programu ya kuchora mti, na marudio 1000 ya kupima kama matawi yanaaminika, nikafunga kila kitu nikaenda kulala, asubuhi nikapata imeisha. Stima ipotee isipotee. (LGS1, ile jeni ya kromosomu ya 5 ambayo ikiharibika mtama unatoa aina ingine ya strigolaktoni na kayongo haioti sana, nilitaka kuiweka pia lakini hiyo si kipokezi, nikaitoa.)

Kitu nilichoongeza kwa hiari yangu ni kayongo yenyewe. Arabidopsis ina KAI2 moja, inayosikia kemikali za moshi wa moto. Kayongo imezidisha hiyo jeni mpaka ziko 11, na kadhaa zimebadilika zikawa zinasikia strigolaktoni, moja inaitwa HTL7 ni kali sana, kidogo kabisa tu inaamka.

Nilienda na karatasi ya mti nyumbani, nikaonyesha dani tawi la mtama halafu kile kichaka cha kayongo pembeni. Akahesabu kwa kidole mpaka kumi na moja. "Masikio yote haya? Sasa mimi nitalima usiku?" Nikamwambia kuna desmodiamu, mmea unaozuia kayongo, ile icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, walifanyia utafiti Mbita, unapanda katikati ya mistari. Akaniuliza kama ng'ombe anakula. Anakula. Basi ameniagiza mbegu, na nauli ni yangu.