Hesabu ya Salfa

Mwaka 2018 ada ya GMAT, mtihani wa kuombea nafasi kwenye shule za biashara, ilikuwa dola 250. Kwa fedha zetu za wakati ule ni kama shilingi 570,000. Nilipomtajia mama kwenye simu alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Gunia mbili hizo." Hakukosea. Kwa bei ya msimu wa 2017, ukiondoa makato, ni kilo 160 za korosho. Kesho yake hela ilikuwa kwenye simu yangu, naye hakuuliza mtihani wenyewe unahusu nini.

Nilikuwa na mwaka wa nne kazini Mtwara mjini, kwenye ofisi ya uwakala wa forodha. Kazi yangu ilikuwa kuandaa nyaraka za korosho ghafi zinazopakiwa bandarini kwenda India na Vietnam. Korosho zinaondoka na maganda yake, zinabanguliwa huko, na mkulima wa kwetu hazioni tena. Mimi niliyezaliwa Newala chini ya mikorosho nilikuwa najua uzito wa kila kontena, lakini sikujua bei ile inatengenezwa wapi. Ndiyo maana nilitaka MBA, shahada ya uzamili ya biashara. Sikutaka cheo, nilitaka kuelewa kitu kimoja kilichokuwa kinaninyima usingizi.

Mtihani niliufanyia Dar es Salaam mwezi wa nane. Mlangoni msimamizi aliniambia niweke kiganja juu ya kifaa kidogo cheusi, nikasita. Kiganja changu cha kulia na vidole viwili vina kovu la mafuta ya ganda la korosho, nilijiunguza nikiwa na miaka sita, na nilishawahi kukataliwa na mashine ya alama za vidole. Yule dada akanielewa. Akasema kifaa hiki hakihangaiki na ngozi, kinasoma mishipa ya damu iliyo chini yake. Kikanisoma mara ya kwanza. Baada ya hapo maswali 31 ya hesabu kwa dakika 62 hayakunitisha sana.

Kazi ngumu ilikuwa insha. Shule niliyoomba iko Uingereza, masomo ya mwaka mmoja, na katika fomu walitaka nieleze tukio ambalo niliwaongoza watu kufanya uamuzi mgumu. Mwisho wa kutuma ulikuwa mwanzoni mwa Januari. Nilianza kuandika Oktoba, na Oktoba kwetu ni korosho tu.

Kwa asiyefahamu: tangu utaratibu wa stakabadhi ghalani uanze Mtwara mwaka 2007, mkulima haruhusiwi kumuuzia mtu korosho uani kwake. Anapeleka kwenye chama cha msingi, zinapimwa na kupangwa madaraja, zinakwenda ghala kuu. Wakati ule, siku ya mnada wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi, karatasi zikaingia kwenye sanduku, na sanduku likafunguliwa mbele ya wakulima wenyewe. Bei zilisomwa kwa sauti. Wakulima wakikataa, hakukuwa na biashara siku hiyo.

Usiku wa kuamkia mnada nilimpigia mama. Ofisini nilikuwa naona barua za wanunuzi na nilijua soko la dunia limeshuka. Nikamwambia mwaka huu asitegemee shilingi 4,000 kama mwaka jana. Wakisoma 2,500 wakubali, maana wakisubiri itashuka zaidi. Nilikuwa na jedwali kwenye kompyuta, nimepiga mistari ya rangi. Mama alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Na salfa?"

Sikumwelewa. Akanieleza taratibu, kama anavyomweleza mtoto. Mkorosho usiponyunyiziwa dawa ya salfa, ugonjwa wa ubwiri unga unakula maua yote. Mwezi wa sita atahitaji salfa, mtu wa kupulizia na mashine ya kukodi. Kabla ya hapo kuna palizi. Kwa bei niliyokuwa nayo mimi angelipa madeni ya mwaka huu, na mwakani angesimama shambani mikono mitupu. "Korosho si embe, mwanangu. Ikikauka vizuri inakaa. Mimi nitakaa nayo."

Nilimwona mama haelewi soko. Naandika hivi kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Bei ziliposomwa, hata ya juu kabisa haikufika 3,000. Wakulima wakasema hawauzi, Newala na Tandahimba, na mama alikuwa miongoni mwao. Tarehe 12 Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malori ya jeshi yakaanza kusomba mizigo. Ni kweli mama hakujua kwamba hilo litatokea, wala mimi. Lakini alijua bei ambayo chini yake hawezi kuuza, na kwenye jedwali langu lote hakukuwa na hiyo bei.

Na bado insha niliyotuma ilisema niliwapelekea wakulima wa kijijini kwetu taarifa za soko zikawasaidia kuamua. Ukiichukua sentensi moja moja, kila moja ina ukweli. Ukiziweka pamoja ni uongo.

Wakaniita kwenye usaili, dakika 30 kwa Skype, Februari 2019, saa 4 asubuhi kwao, saa 7 mchana kwetu. Nilipata nafasi ile, na mwezi wa tisa nikaenda. Ninachotaka kusimulia ni zile dakika 30.

Mama alikuwa ameshuka kutoka Newala kuja kunisalimia kwenye chumba changu cha Chikongola. Nilimwomba asipokee simu wala asiwashe redio, akaitikia. Mimi nikafunga madirisha, nikazima feni kwa sababu ya mvumo wake. Joto la Februari la Mtwara wanalijua wanaolijua. Jasho lilikuwa linanitiririka mgongoni kabla hata uso wa yule mama msaili haujatokea kwenye kioo.

Swali la kwanza nilijibu kama nilivyolikariri. La pili vilevile. Kisha nikasikia nje, ukumbini: ngo. Kimya. Ngo, ngo. Mama alikuwa amezikaanga korosho alfajiri kwenye karai bovu, sasa amekaa chini anazibangua kwa jiwe. Alikumbuka simu na redio. Jiwe halikuwemo kwenye orodha yangu.

"Nini hicho kinachogonga?" msaili akauliza.

Nikaanza kuomba radhi. Akasema hapana, anataka tu kujua. Nikamwambia ni mama yangu, anabangua korosho. Akaniangalia, akashusha macho kwenye karatasi zake, nikajua anaitafuta insha yangu. "Hawa ndio wakulima uliowasaidia kuamua?"

Nilikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo. Ngo, ikaja tena ukutani, na lile jibu likaniganda mdomoni.

Nikamwambia hapana. Nikamwambia niliwashauri wauze na wao wakakataa, na mwanamke anayegonga hapo nje ni mmoja wao. Nikamweleza sanduku, karatasi, sauti inayosoma bei. Nikamweleza salfa. Kiingereza changu hakikuwa na neno la ubwiri unga, nikasema ni unga mweupe unaokaa juu ya ua na kuliua. Nikasema nilikuwa na takwimu za India na Vietnam, sikuwa na takwimu za mwezi wa sita shambani kwa mama. Aliacha kuandika. Akaniuliza maswali ya hesabu, ya kweli: mti mmoja unatoa kilo ngapi, palizi inalipwaje, nani anamkopesha mkulima kabla ya mavuno. Mawili nilishindwa kuyajibu, nikamwambia hayo najibiwa na mama. Dakika 30 zikaisha tukiwa bado kwenye gharama ya mashine.

Nilipofungua mlango, upepo wa ukumbini ulinipiga usoni kama maji. Mama alikuwa kwenye mkeka, vidole amevipaka majivu ili mafuta yasimuunguze, maganda meusi upande huu, punje nyeupe kwenye ungo upande ule.

"Umemaliza? Nimekusikia unataja Newala."

"Nilikuwa namwambia mlivyokataa kuuza."

"Ukamtajia bei?"

"Nimemtajia."

"Na ya salfa?"

"Na ya salfa, mama."

Akachota majivu kwenye kopo, akanisogezea na jiwe la pili. "Haya, vua hilo koti. Hizi zimebaki nyingi."