Moyo ukishindwa, mishipa ya mapafu nayo huugua

Mgonjwa wa moyo akianza kuhema, wengi hudhani ni maji tu: apewe furosemide, dawa ya kukojosha, akojoe, yaishe. Kwa shambulio la siku mbili tatu, mara nyingi ndivyo. Msongamano ukidumu miezi na miaka, mishipa ya mapafu huharibika yenyewe, na maji yakitoka bado anahema.

Upande wa kushoto wa moyo ukishindwa kusukuma damu, au ukakakamaa usijae vizuri, presha hurudi nyuma: atria ya kushoto (chumba cha juu cha moyo), vena za mapafu, hadi kapilari zinazozunguka vifuko vya hewa. Kawaida kapilari hizo hubeba milimita 8 hadi 12 za zebaki. Ikipanda ghafla hadi 25 hivi, maji huvuja. Ikipanda polepole, mirija ya limfu hutanuka na kuyachota, kwa hiyo mapafu yanaweza kusikika makavu huku presha iko juu. Kusikiliza kifua peke yake hakutoshi.

Uharibifu huanzia kwenye utando wa ndani ya mshipa. Seli zake hutoa naitriki oksaidi, inayolegeza mshipa, na endothelini, inayoubana. Presha ikikaa juu, ya kwanza hupungua na ya pili huongezeka. Mshipa hubaki umebana, misuli ya ukuta wake hunenepa, na kovu huanza kujijenga, hata kwenye vena. Utando kati ya hewa na damu nao huwa mnene, oksijeni ikapita kwa shida, hasa mtu anapopanda ngazi. Ventrikali ya kulia, chumba cha moyo kinachosukuma damu kwenda mapafuni, ina ukuta mwembamba, nayo huelemewa. Miguu na ini huvimba.

Kipimo cha uhakika ni katheta, mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa hadi moyoni: ugonjwa upo wastani wa presha ya ateri ya mapafu ukiwa zaidi ya milimita 20 za zebaki, na ya upande wa kushoto wa moyo zaidi ya 15. Ukinzani wa mishipa ya mapafu kwa damu inayopita ukizidi uniti 2 za Wood (kipimo cha ukinzani huo), ateri nazo zimeshaugua.

Hapa ndipo kosa la hatari hutokea: kumpa mgonjwa huyu dawa za kutanua ateri za mapafu, zilizotengenezwa kwa ugonjwa mwingine. Damu huingia kwa wingi mahali isipopata pa kutokea, na mapafu yanaweza kujaa maji. Tibu kwanza moyo wa kushoto, valvu na presha ya mwili.

Nyumbani, mgonjwa ajipime uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya kula. Zikiongezeka kilo 2 ndani ya siku 3, awasiliane na kliniki siku hiyohiyo, hata kama hajaanza kuhema.