Namba za kusafisha kabla ya kuiendesha VERTEX

Leo nabaki kwenye namba zinazotangulia mchoro wa awamu, yaani ramani ya madini yanayodumu kwenye kila shinikizo na joto. Perple_X, programu ya kompyuta ya James Connolly ambayo VERTEX ni sehemu yake, hutafuta, kwa kila shinikizo na joto, kundi la madini lenye nishati huru ya Gibbs ndogo kuliko yote. Haiulizi kama kemia uliyoipa ni ya mwamba wako kweli.

Chukua shisti iliyotokana na tope, yenye garneti na kianaiti. Maabara imeleta CaO asilimia 0.60 kwa uzito na P2O5 0.15. Fosforasi hiyo karibu yote imo kwenye apataiti, madini ya kalsiamu na fosfeti, ambayo haimo kwenye hesabu, hivyo kila moli ya P2O5 iondoke na moli 3.33 za CaO. Hapo inatoka 0.20: theluthi nzima ya kalsiamu! Ukiiacha, plajioklesi na garneti zitapewa kalsiamu isiyo yao, na shinikizo utakalosoma litakuwa la uongo.

Chuma mara nyingi huandikwa chote kama Fe2O3, tuseme 7.00. Izidishe kwa 0.8998, upate FeO 6.30. Kama sehemu moja ya kumi ya chuma hicho ni feriki (Fe3+, kilichooksidika zaidi), ongeza O2 0.07, mwamba wenye grafiti huhitaji pungufu. Ukiweka sifuri, magnetiti haitatokea kamwe. MnO nayo isiachwe hata ikiwa 0.1, kwa kuwa huishusha garneti hadi kwenye joto la chini zaidi.

Maji ndiyo magumu kuliko yote. Uzito unaopotea sampuli ikichomwa si maji peke yake: kaboni dioksidi hutoka pia, na chuma kikioksidika huongeza uzito. Kabla ya mwamba kuanza kuyeyuka, chukulia maji yamejaa tele. Baada ya hapo, maji ya ziada huyeyusha mwamba kupita kiasi. Chora kwanza joto dhidi ya H2O kwenye shinikizo moja, tuseme kilobari 8, uchague kiasi ambacho maji huru yanakwisha palepale uyeyukaji unapoanza.

Ndipo BUILD ya kuandaa faili, VERTEX ya kukokotoa, PSSECT ya kuchora. Mpaka wenye meno ya msumeno, au feldispa moja iliyogawanyika kuwa mbili zinazokaribia kufanana, mara nyingi ni dosari ya hesabu. Ongeza usahihi, urudie. Ukilinganisha na garneti iliyopimwa, tumia kemia ya mwamba mzima kwa kiini chake tu. Kiini hufungia manganizi nyingi ndani yake, kwa hiyo kwa ukingo wa garneti ondoa kwanza kemia ya kiini, ukokotoe mchoro mwingine.