Mbwa mdogo anayelambalamba: tazama analamba wapi

Wanaofuga Maltese, Shih Tzu au Chihuahua ndani ya nyumba, iwe Njiro ya Arusha au Shanty Town ya Moshi, mara nyingi huuliza mbona mbwa analamba sana. Afadhali uulize analamba wapi, na ukimwita anaacha au haachi.

Anayekulamba mikono ukirudi kazini hana tatizo. Mama yake alimlamba tangu siku ya kwanza kumsafisha na kumchochea apate choo, naye alipokua alilamba midomo ya wakubwa kuomba chakula na kuonyesha unyenyekevu. Kwako anaendeleza yaleyale, tena jasho lako lina chumvi. Ukicheka, umeshamlipa. Ukimfokea, anazidi, maana kwake kulamba ndiko kuomba yaishe. Ukitaka apunguze, ondoa mkono, simama, geukia pembeni bila neno. Akitulia ndipo umsemeshe. Nyumba nzima ifanye hivyo, la sivyo shangazi mmoja anayecheka Jumapili anarudisha kazi nyuma.

Usoni na kwenye vidonda mzuie kabisa. Mate ya mbwa mwenye kichaa yakiingia kwenye mchubuko, jicho au mdomo, hesabu kwamba umeng'atwa: osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo ukaanze chanjo. Mbwa mwenyewe achanjwe akiwa na miezi 3, halafu kila mwaka, hata kama hatoki getini. Kuna pia minyoo ya Echinococcus, ambayo mbwa huipata kwa kula maini au mapafu mabichi ya mbuzi na kondoo. Mayai yake hutoka na kinyesi, hushika manyoya ya nyuma, na ulimi huyafikisha kwa mtoto. Kwa hiyo vya machinjioni vichemshwe vizuri, na dawa ya minyoo iwe na praziquantel, miligramu 5 kwa kila kilo ya mbwa. Na kama umejipaka dawa ya kuchua yenye diclofenac, funika sehemu hiyo. Dawa hiyo humtoboa mbwa tumbo na kuharibu figo.

Sasa nyayo, ambako ndiko kesi nyingi ziko. Kulamba kidogo baada ya kutoka nje ni usafi tu. Anayerudia hapohapo mpaka manyoya meupe yakawa na rangi ya kutu ana muwasho au maumivu, na rangi hiyo ni ya mate yake mwenyewe. Mweke juu ya meza penye mwanga, tanua kidole kimoja kimoja, angalia juu na chini. Mguu mmoja tu ukilambwa, tafuta mwiba, mbegu ya nyasi iliyozama, ukucha uliopasuka, kupe, au funza, anayeonekana kama kidoa cheupe chenye kitone cheusi katikati. Miguu yote ikilambwa, fikiria mzio, viroboto, fangasi, au sakafu iliyopigwa deki kwa Jik bila kusuuzwa. Fangasi wa hamira hujitambulisha kwa harufu ya uchachu, ngozi nyekundu na mafuta kati ya vidole.

Kujua kama ni viroboto, pitisha kitana chenye meno ya karibu juu ya kiuno hadi shina la mkia, kung'utia uchafu kwenye tishu nyeupe iliyoloweshwa. Vitone vyeusi vikitoa wekundu, ni damu iliyopita tumboni mwa kiroboto. Kumtibu mbwa peke yake hakutoshi, kwani mayai na mabuu yamejaa kwenye zulia na godoro lake. Fua matandiko kwa maji ya moto, anika juani, tibu wanyama wote wa nyumbani, uendelee walau miezi 3.

Hapa ndipo watu wanapoharibu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe yenye amitraz, ikipimwa kwa kukadiria kwenye ndoo, humlevya mbwa wa kilo 3 na kupunguza mapigo ya moyo, na Chihuahua ndio wanaojulikana zaidi kwa kudhurika nayo. Halafu anailamba ikiwa bado mbichi. Mafuta ya taa kwenye kupe ni balaa jingine: mng'oe kwa kibano karibu na ngozi, ukivuta moja kwa moja. Masika yakianza mkague kila jioni. Fizi zikipauka, mkojo ukawa rangi ya chai, akagoma kula, wahi kwa daktari wa mifugo. Huenda ni homa ya kupe.

Kwa muwasho mdogo, kijiko cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, kwenye nusu lita ya maji yaliyochemshwa yakapoa. Chovya mguu dakika 5, kausha kabisa kati ya vidole, kwa sababu unyevu ndio unaolisha fangasi. Mvalishe kola ya plastiki yenye umbo la koni asilambe. Siku 2 zikipita bila nafuu, acha kujitibia.

Anayelamba sakafu, kuta au hewa, au midomo yake bila chakula mbele, mara nyingi ana kichefuchefu. Chuo Kikuu cha Montreal kilichunguza mbwa 19 waliolamba vitu kupita kiasi, utafiti uliotoka mwaka 2012, na 14 walikutwa na ugonjwa wa tumbo au utumbo. Chungulia pia meno: mbwa wadogo huoza fizi mapema, na meno ya utotoni hugoma kung'oka.

Akilamba chini ya mkia na kuburuta makalio, mara nyingi tezi za haja, vifuko viwili kando ya tundu la haja kubwa, zimejaa. Jike ambaye hajafungwa kizazi, wiki chache baada ya joto, yaani kipindi cha kutaka dume, akilamba uke, akinywa maji mengi na kupoteza hamu ya kula, ni dharura: kizazi kinaweza kuwa kimejaa usaha, hata kama hakuna kinachotoka. Usisubiri asubuhi.

Usimpe paracetamol, ibuprofen wala diclofenac ya nyumbani. Ukienda kwa daktari, mpige video ya sekunde 30 akiwa analamba, maana mezani pa daktari mbwa wengi huacha kabisa, na umweleze ilianza lini, amekula nini na umempaka nini.